Miezi nane na kompyuta ya gemu niliyoiunda mwenyewe kwa bajeti ya konsoli: inatoboa au haitoboi?

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi wanaosoma hapa wana hela mkononi na wanataka kuamua leo: inatoboa. Kompyuta ya gemu ya bajeti ukiipangilia vizuri inakaa meza moja na PS5 au Xbox Series X, na kwenye gemu nyingi inazipita. Ila kuna masharti, na hayo masharti ndiyo nimekuja kuyasema, kwa sababu miezi nane iliyopita nilikuwa nasoma orodha za vifaa kila usiku na kuangalia video mpaka macho yanauma, kila mtu anaonyesha tarakimu za FPS (fremu kwa sekunde) tu, hakuna anayekuonyesha ni wapi hasa hela ya bajeti inapotea na ni wapi ukibana utajuta.

Niseme mapema, nashindanisha na PS5 ya kawaida na Series X, siyo PS5 Pro ile iliyotoka Novemba 2024. Pro ni mnyama mwingine, na ukitaka kuifukuza hiyo bajeti inabadilika jina.

Sasa kabla hujanunua hata skurubu moja, elewa unashindana na nini. PS5 ilitoka Novemba 2020, ndani ina prosesa ya AMD ya kizazi cha Zen 2 yenye kori 8, chipu ya grafiki ya RDNA 2 yenye vitengo 36 vya kukokotoa, na memori ya GB 16 ambayo prosesa na grafiki wanagawana. Series X ni ndugu yake wa karibu, vitengo 52 vya grafiki lakini vinakimbia kwa mwendo mdogo zaidi, memori GB 16 vilevile. Kwa hiyo ukitoa kava na taa, konsoli zote mbili ni kompyuta za AMD za mwaka 2020. Hakuna uchawi mule. Na lile neno 4K lililoandikwa kwenye boksi lisikutishe, ukiingia kwenye gemu kubwa za siku hizi na ukachagua pafomansi modi ile ya fremu 60, konsoli mara nyingi inachora picha kwa rezolusheni ndogo zaidi, saa nyingine 1440p, saa nyingine inashuka karibu na 1080p, halafu inaikuza ndiyo ijaze TV. Mimi nilipolielewa hili ndiyo mahesabu yangu yakabadilika kabisa. Hushindani na 4K ya kwenye boksi, unashindana na kile kinachotokea kwenye skrini, na hicho kinafikika bila kuuza shamba.

Mashine yangu iko hivi: prosesa Ryzen 5 5600, bodi mama ya B550 ile ndogo, RAM GB 16 za DDR4 vijiti viwili vya 8, kadi ya grafiki RX 6700 XT ya GB 12 niliyonunua mtumba, SSD ya NVMe ya TB 1, pawa saplai ya wati 650, na kasha la kawaida lenye wavu mbele. Monita, kibodi na mausi nilikuwa navyo tayari, na hili ni jambo kubwa kwenye hesabu, mtu asikudanganye. Mnara peke yake ulizidi bei ya konsoli kidogo. Kama unaanza na meza tupu, monita na kibodi vinakusogeza mbali zaidi, wakati mwenye konsoli anachomeka kwenye TV ambayo tayari ipo sebuleni na kazi imeisha.

Kwenye kadi ya grafiki nitakaa muda mrefu kwa sababu ndiyo roho ya kitu chote. Karibu asilimia 40 ya hela yangu ilienda hapo na ningerudia ningefanya vilevile. Kosa ninaloliona kwa watu wengi ni kugawa hela sawasawa, wananunua prosesa kali, kasha la kioo, feni za taa saba, halafu kwenye kadi wanabakiwa na chenji, mwisho wa siku mashine inawaka kama ukumbi wa harusi na gemu inakwama. Kasha halichori picha, kadi ndiyo inachora.

Niliyumba kati ya kadi tatu. Ya kwanza RX 6600 ya AMD, kadi tamu sana kwa mwenye hela kidogo, inakula wati 132 tu, lakini ina memori ya GB 8. Ya pili RTX 3060 ya Nvidia ya GB 12. Ya tatu ndiyo hii 6700 XT. RX 6600 niliiacha kwa sababu ya memori. Konsoli zina GB 16 za pamoja na watengeneza gemu wanapewa sehemu kubwa ya hizo, kwa hiyo gemu inapohamishiwa kwenye kompyuta inakuja na njaa yake ileile. The Last of Us Part I ilipotoka kwenye PC Machi 2023 wenye kadi za GB 8 walilia, sura za watu na kuta zinaonekana kama zimepakwa matope, kwa sababu ili memori itoshe ilibidi ushushe ubora wa texture, yaani zile picha zinazovikwa juu ya sura na kuta. Baadaye waliirekebisha kwa apdeti, ikawa inachezeka, ila mimi lile somo lilinikaa. GB 8 leo bado inacheza karibu kila kitu ukikubali kushusha setingi, ila kama lengo lako umelitaja kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ni kuifikia konsoli, basi GB 8 itakufanya uwe unaomba msamaha kila gemu kubwa inapotoka.

3060 ilinivuta kwa sababu ya DLSS, ule ufundi wa Nvidia wa kuchora picha ndogo halafu kuikuza ijaze skrini, na hapa lazima niseme ukweli hata kama sikuichukua: DLSS inakuza picha vizuri kuliko FSR, ule wa AMD, ya kizazi ambacho kadi yangu inakubali. FSR 4 ile nzuri AMD waliitoa rasmi kwa kadi za RX 9000, sisi wa RX 6000 tumebaki na FSR 2 na 3, na ukiangalia majani, nywele au uzio wa waya kwa mbali unaona vinachezacheza. Lakini kwa nguvu ghafi 6700 XT inaipita 3060 waziwazi, na nilikuta mtumba wake kwa bei inayokaribiana, nikaona nichukue misuli. Kama wewe unacheza sana gemu zenye rei tresingi, yaani ule mfumo wa kukokotoa mwanga na vivuli jinsi vinavyosafiri kweli, basi upime upya, maana hapo RTX wanajua zaidi.

Na tahadhari moja kubwa kwa wanaowinda mitumba: kuna kadi za zamani zinaonekana dili la mwaka, GTX 1080 Ti, RX 5700 XT, zina nguvu bado ukiangalia tarakimu. Achana nazo. Hazina vifaa vya rei tresingi ndani, na gemu zimeshaanza kulazimisha, Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haikupi hata nafasi ya kuzima, Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 hivyohivyo. Konsoli inazifungua hizo gemu bila shida halafu wewe na dili lako unaletewa ujumbe kwamba kadi haifai. Kwa hiyo mstari wa chini ni RX 6000 au RTX 20 kwenda juu, chini ya hapo usiangalie bei wala usimsikilize muuzaji.

Kununua mtumba kwenyewe siyo kubahatisha ukiwa na subira. Mimi nilikataa kutoa hela mpaka nione kadi inafanya kazi kwenye mashine ya muuzaji kwa dakika 20 hivi ikiwa imebanwa na programu ya kupima, huku naangalia joto na nasikiliza feni kwa sikio kabisa. Feni inayokwaruza unaisikia. Angalia na skurubu za nyuma kama zimechubuka maana yake kadi ilishafunguliwa, siyo lazima iwe mbaya, mtu anaweza kuwa amebadilisha tu grisi ya joto, ila muulize na uone anavyojibu.

Prosesa nitapita haraka. Ryzen 5 5600 ina kori 6 na nyuzi 12, ni Zen 3, kizazi kimoja mbele ya konsoli, na inakuja na feni yake kwenye boksi kwa hiyo hununui kingine. Usichanganye na 5600G, hiyo herufi G inakuletea grafiki ndani lakini inakukata keshi, ile memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, nusu, MB 16 badala ya 32, na keshi kwenye gemu inaonekana. Kama una kadi ya grafiki, G haina kazi kwako.

RAM nayo kuna kitu kimoja kidogo ambacho nimeshaona watu wanne wamekisahau. Ukinunua vijiti vya 3200, ukivichomeka tu havikimbii 3200. Vinaamka na mwendo wa chini, vya kwangu vilikuwa 2133, mpaka uingie kwenye BIOS, ile programu ya bodi mama inayoamsha mashine, uwashe XMP, bodi nyingine wanaiita DOCP. Ni kubonyeza mara mbili tu. Mimi nilicheza wiki nzima sijui, nikawa nashangaa mbona mjini kwenye Cyberpunk 2077 nikiendesha gari fremu zinadondoka ghafla, nikawasha XMP ile mikwamo ikapungua pale pale. Na chukua vijiti viwili, kijiti kimoja cha 16 ni nusu ya barabara. Bei ya RAM ndiyo inauma sasa hivi, tangu mwishoni mwa 2025 imepanda vibaya kwa sababu watengenezaji wanazipeleka chipu kwenye vituo vya data vya AI, kwa hiyo ukipata mtumba wa DDR4 wenye hali nzuri chukua bila aibu, RAM ni kifaa ambacho hakizeeki kirahisi. Hii pia ndiyo sababu nilibaki AM4, soketi ya prosesa za AMD inayotumia DDR4, badala ya kwenda kwenye bodi mama mpya za DDR5, ile hela ya tofauti nilijua itaonekana zaidi kwenye kadi.

Sasa pawa saplai. Hapa ndipo nilipoumia na nataka uelewe vizuri. Nilinunua mtumba, imeandikwa wati 600, haina alama ya 80 Plus, ile ya kuthibitisha ufanisi wa umeme, popote, muuzaji akanihakikishia haijawahi kusumbua. Ikawasha mashine vizuri, Windows ikaingia, siku mbili nikawa nadanlodi gemu na kufanya kazi zangu za kawaida, hakuna tatizo. Siku ya tatu nikafungua gemu kubwa, dakika kumi hivi, paa, giza. Mashine imezima kama umeng'oa waya. Nikawasha, ikawaka, nikarudi kwenye gemu, dakika kumi na tano, giza tena. Nilihangaika na draiva, nikafuta nikaweka upya, nikashuku kadi ya mtumba, nikawa nimeshamwandikia muuzaji wa kadi ujumbe mkali ambao nashukuru sikuutuma. Kumbe 6700 XT imepangiwa wati 230, lakini kuna vipindi vifupi chini ya sekunde inaruka juu zaidi ya hapo, na ile pawa saplai ikishtuliwa hivyo inajizima. Rafiki akaniazima ya kwake yenye jina, nikacheza saa nne, kimya. Nikanunua mpya ya wati 650 yenye 80 Plus Bronze na dhamana ya miaka mitano, na tangu siku hiyo haijazima hata mara moja.

Kwa hiyo kadi mtumba sawa, prosesa mtumba sawa, RAM sawa, kasha hata liokote. Pawa saplai nunua mpya. Ndiyo kifaa mle ndani ambacho kikifa vibaya kinaweza kuondoka na wenzake.

Kuiunda kwenyewe kulichukua jioni moja, na asilimia kubwa ya muda ni kusoma kitabu cha bodi kujua vile viwaya vidogo vya kitufe cha kuwashia vinakaa wapi. Bisibisi moja ya nyota inatosha. Kilichonitisha ni kwamba baada ya kumaliza nilibonyeza, feni zikazunguka, skrini nyeusi. Bodi za B550 zilianza kutoka katikati ya 2020 na 5600 ni ya 2022, yangu ilikuwa imekaa dukani na BIOS ya zamani haimjui huyu prosesa. Bahati nzuri ilikuwa na kitufe cha kuapdeti BIOS kwa flashi bila hata prosesa kuwaka, nikadanlodi faili kwenye laptopu ya mtu, nikaipa jina wanalotaka, nikachomeka flashi kwenye tundu lililowekewa alama, nikashikilia kitufe, taa ikapepesa dakika kama tano, ikazima. Nikawasha tena na picha ikaja. Yaani ile hisia siwezi kuielezea, mashine uliyoiunganisha kwa vidole vyako inakuandikia kwenye skrini kwamba imewaona wote, prosesa, RAM, SSD. Kwa hiyo unaponunua bodi ya AM4 hakikisha ina hicho kitufe au muuzaji athibitishe BIOS imeshaapdetiwa. Na waya wa monita uchomeke kwenye kadi ya grafiki chini, siyo kwenye bodi juu, 5600 haina grafiki zake kwa hiyo ukikosea hapo utabaki na giza na utadhani umeua kitu.

Haya, kwenye kucheza. Mdogo wangu ana PS5, akaileta, tukaweka TV pembeni ya monita wikiendi nzima na kubadilishana viti. Marvel's Spider-Man Remastered mimi niliweka 1440p setingi za juu bila rei tresingi, inateleza vizuri juu ya 60 muda wote, na kwa kuwa monita yangu inafika 144Hz, yaani inaonyesha hadi fremu 144 kwa sekunde, ile ziada inaonekana kwa macho, dogo mwenyewe alikaa kwenye kiti changu akasema "kaka hii yako ni laini zaidi". Nikawasha rei tresingi, mambo yakageuka, prosesa ikaanza kuhema nikiwa naruka majengo kwa kasi, na pale PS5 ikawa imetulia kuliko mimi. Cyberpunk 2077 kwa 1440p na FSR ya ubora, setingi mchanganyiko wa kati na juu, nilikuwa juu ya 60 na picha yangu ilikuwa safi kidogo kuliko pafomansi modi yao. Elden Ring kwenye PC wameifunga 60 kwa hiyo hakuna cha kujivunia hapo, ila yangu inakaa kwenye 60 vizuri zaidi wakati PS5 ikichagua hali ile ya fremu inapanda na kushuka.

Kwa macho ya mtu wa kawaida aliyekaa kochini mita mbili, sikiliza, hakuna tofauti ya kukufanya uuze moja ununue nyingine. Hiyo ndiyo hukumu yangu ya picha na naisimamia.

Tofauti ziko kwingine na konsoli ina zake ambazo sikuzitegemea. Kubwa kuliko zote ni sheda, zile programu ndogo zinazoiambia kadi namna ya kuchora picha. Konsoli ziko za aina chache kwa hiyo gemu inakuja na sheda zimeshaandaliwa kwa ajili ya chipu hiyohiyo, wewe kwenye PC kadi yako hawaijui mapema, kwa hiyo gemu ama inakuweka kwenye mstari wa kusubiri mwanzoni ikitengeneza, ama inatengeneza huku unacheza na kila ukiingia sehemu mpya unapata kamkwamo. Nguvu ya kadi haikusaidii sana hapo. Na ukiapdeti draiva unaanza upya. Dogo anabonyeza kitufe kwenye pedi, konsoli inaamka pale alipoiacha jana, ameshapiga goli mimi bado Windows inanionyesha apdeti. Series X wenyewe wana Quick Resume, gemu kadhaa zinalala na kuamka kila moja mahali pake. Kwenye PC hicho kitu hakipo kwa namna hiyo, na usiku ukiwa umechoka unakitamani.

Kupakia gemu nilidhani nitaaibika maana SSD ya PS5 inasoma GB 5.5 kwa sekunde na yangu ni ya Gen 3 inayofika kama 3.5. Kwenye matumizi tofauti ni sekunde mbili tatu. Nilijaribu Ratchet & Clank: Rift Apart, ile gemu ya kurukaruka kati ya dunia ambayo ilipotoka 2021 ilionekana kama tangazo la SSD ya PS5, kwenye yangu ikacheza, milango ile inafunguka, kuna sehemu moja mbili tu nilihisi inavuta pumzi. Kwa hiyo usitumie hela ya ziada kwa SSD ya Gen 4 kwa sababu ya hofu, ongeza ukubwa badala yake, gemu zenye GB 100 siku hizi ni za kawaida na TB 1 inajaa kabla hujaelewa.

Jingine la konsoli, kama imekuja na sehemu ya CD, mtu anakuazima gemu unacheza unarudisha, ukimaliza ya kwako unauza. Kwenye PC gemu kwa kawaida imefungwa kwenye akaunti yako. Na kuna gemu zinachelewa, God of War Ragnarök ilitoka PlayStation Novemba 2022 ikafika PC Septemba 2024. GTA V ilitangulia konsoli 2013 PC ikasubiri mpaka Aprili 2015, na hii ya VI nayo wameitangaza kwa PS5 na Xbox Series tu. Kama wewe unasubiri hiyo tu na huna subira, nunua konsoli, sitakubishia.

Upande wangu sasa. Kucheza onlaini hakuna ada, kwenye PS5 gemu nyingi za kulipia huingii onlaini bila PS Plus, na hiyo ada ya kila mwaka ukiijumlisha miaka mitatu minne ndiyo inafuta ile tofauti ya bei niliyoitaja juu. Steam wanashusha bei mara kwa mara na gemu ya miaka miwili nyuma unaipata kwa robo, Epic wanatoa gemu ya bure kila wiki na mimi nimeshakusanya nyingi ambazo kweli nazicheza. Pedi ya dogo ya DualSense niliichomeka kwa waya ikafanya kazi, na kwenye baadhi ya gemu hata zile triga zinazokaza zinakaza. Nyongeza wanazotengeneza mashabiki zimenifanya nirudie gemu za zamani ambazo nilidhani nimezimaliza. Halafu asubuhi mashine hiyohiyo nahariri video, naandika kazi, na hapo ndipo hesabu yangu binafsi ilipokaa sawa, maana nilikuwa nahitaji kompyuta hata kama gemu zisingekuwepo. Mtu ambaye angenunua laptopu ya kazi na konsoli pembeni, hizo hela mbili akiziunganisha anapata mashine kali kuliko hii yangu.

Umeme na kelele, konsoli inashinda bila ubishi. PS5 ikiwa kwenye gemu inazunguka kwenye wati 200 hivi kwa mashine nzima, mimi kadi peke yake imepangiwa 230. Nilichofanya, niliingia kwenye programu ya AMD nikashusha volti ya kadi kutoka milivolti 1200 hadi 1120, fremu hazikupungua, joto likashuka na feni zikatulia. Fanya kidogo kidogo huku unapima, kila kadi ina mpaka wake, ukishusha kupita kiasi gemu inajifunga. Feni ya prosesa ile ya kwenye boksi inapiga kelele kidogo gemu ikiwa nzito, nikivaa hedifoni siisikii, nisipovaa naisikia.

Kwa mfumo nilianza na Windows 11 kwa sababu Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Nikajaribu na Linux, toleo la gemu linaloitwa Bazzite, inakuja na sura ileile ya Steam ya kuendesha kwa pedi ukiwa kochini, na kadi za AMD zinaelewana nayo vizuri sana, gemu zangu nyingi za mchezaji mmoja zilicheza kupitia Proton, ile programu ya Steam ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux, bila mimi kugusa kitu. Kilichonirudisha Windows ni Fortnite na Valorant, programu zao za kuzuia udanganyifu kwenye gemu hazikubali Linux, na wenzangu wa jioni wako huko. Kama wewe unacheza hadithi tu peke yako, jaribu, ni kitu cha karibu zaidi na konsoli nilichoona kwenye PC.

Kitu kimoja kilichobadilika tangu nianze: zamani konsoli ikizeeka bei inashuka, ukisubiri unafaidi. Safari hii Sony na Microsoft wote walipandisha bei mwaka 2025 kwenye masoko kadhaa, halafu RAM nayo ikapanda upande wetu, kwa hiyo hesabu niliyofanya mimi irudie kwa bei za leo za hapo ulipo kabla hujanifuata. Kama mtumba wa kadi za GB 12 umekauka, angalia Intel Arc B580, ni mpya, ina GB 12, ila lazima bodi yako iwe na Resizable BAR, setingi inayoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja, na uiwashe, bila hiyo inadorora, na inapenda prosesa yenye nguvu zaidi kuliko hizi za kwetu za bajeti.

Ningerudi mwanzo ningebadilisha mambo mawili tu, pawa saplai mpya tangu siku ya kwanza na SSD ya TB 2. Bodi ina nafasi ya pili ya M.2 kwa hiyo hilo la SSD nalimaliza mwezi ujao. Prosesa inaweza kuja kupanda hadi 5700X3D kwenye soketi hiihii bila kung'oa kitu kingine. Dogo ameshaniambia kadi hii nikiitoa nisimuuzie mtu, ameanza kukusanya vifaa vyake kimya kimya, wiki iliyopita kaja na kasha na pawa saplai mpya ya wati 650 kwenye boksi lake.